Mkimbizi Aulizwe Alichotendewa, Siyo Dini Yake

Desemba 2019 Bunge la India lilirekebisha sheria ya uraia, na Machi 2024 kanuni zake zikatangazwa. Wahindu, Masingasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo waliotoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, wakaingia India kabla ya mwaka 2014 kwisha, wamepunguziwa muda wa ukaazi kutoka miaka 11 hadi 5. Mwislamu hayumo. Watetezi wa sheria hiyo wanasema nchi hizo tatu zina Uislamu kuwa dini ya dola, hivyo wanaoonewa huko ni wa dini nyingine. Tuwape haki yao: Wahindu na Wakristo wa Pakistan wana malalamiko ya kweli, na kuwapa hifadhi ni jambo jema. Kasoro iko kwenye kipimo. Mwaka 1974 Katiba ya Pakistan ilibadilishwa ili Waahmadiyya wasihesabiwe kuwa Waislamu, na amri ya 1984 ikafanya kujiita Mwislamu kuwa kosa la jinai kwao. Muahmadiyya akikimbilia India, njia hiyo fupi imefungwa kwake kwa kuwa India inamhesabu Mwislamu! Huyohuyo kwetu asingepata tabu: Sheikh Kaluta Amri Abedi, Muahmadiyya, alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963.

Msomaji wa Mbeya hana haja ya kwenda Asia kutafuta ushahidi. Ng'ambo ya Mto Songwe, katika Malawi ya Kamuzu Banda, Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967. Walipokataa kununua kadi za chama tawala walipigwa na kuchomewa nyumba, na mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Waliowatesa wengi wao walikuwa Wakristo, na Banda mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Presbiteri. Sheria inayodhani kwamba Mkristo huonewa na asiye Mkristo tu isingewaona watu hawa kabisa. Dhuluma mara nyingi huanzia ndani ya dini moja, baina ya dhehebu na dhehebu, au baina ya muumini na chama.

Wapo watakaosema kila taifa lina haki ya kuchagua nani limpokee, na kwamba kuuliza dini ni rahisi kuliko kupeleleza mkasa wa kila mtu. Haki ya kuchagua ipo. Lakini urahisi huo ni wa afisa, na bado mwombaji wa kweli anaachwa nje huku mwongo akiingia kwa cheti cha ubatizo. Tanganyika ilipewa kishawishi kama hicho Oktoba 1961, pale baadhi ya wabunge, Christopher Kasanga Tumbo akiwa miongoni mwao, walipotaka uraia uwe wa Waafrika. Julius Nyerere alikataa na kusema serikali yake ingejiuzulu. Pingamizi lile lingepita, Wabaluchi wa Rujewa, Wahindi wenye maduka mjini Iringa na Wagiriki waliolima tumbaku wilayani humo wangekuwa wageni kwa rangi tu, hata waliozaliwa hapa.

Sisemi tumetakasika. Sheria isiyouliza dini haimwondolei mtu wa Kyela mzigo wa kuthibitisha kuwa yeye si Mngonde wa Karonga, ilhali lugha na ukoo vimevuka mto kabla ya mpaka kuchorwa. Hilo ni deni letu, na dawa yake ni vyeti vya kuzaliwa kuwafikia watu vijijini. Ila deni hilo halijawa la imani. Hata sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya 1967, na Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mgeni anayeomba uraia awe na miaka ya ukaazi, tabia njema, na Kiswahili au Kiingereza cha kutosha. Msikiti wala kanisa havimo, na mbunge atakayetaka kuviingiza anyimwe kura.