24 Novemba: tarehe moja, bunduki mingi, na sisi wa mine katikati

Ukimuuliza kijana wa Likasi leo 24 Novemba ni siku gani, atakuambia ni siku ya kazi kama ingine. Ukimuuliza baba yake, atacheka kwanza. Wakati wa Mobutu ile siku watu hawakuenda ku kazi. Ilikuwa sikukuu ya serikali: wanafunzi na wafanyakazi wanapanga mistari, wanafanya defile, wanaimba na kuchezea chama. Mimi pia nilitembea mu ile defile nikiwa mtoto wa primaire, soksi nyeupe, jua ya kichwa, bila kujua tunashangilia nini. Walituambia tu ni siku nchi iliokolewa.

Tangu nilipoingia mu kazi ya sindika nimekuwa nikisoma historia kidogo kidogo, juu wafanyakazi wanauliza maswali na delege hawezi kubaki anatazama chini. Njo nikaona ile tarehe imebeba mambo mingi kuliko ile tuliyofundishwa. Kutoka 1944 mpaka 1965, mara ine, 24 Novemba ilikuwa siku ya jambo kubwa la kijeshi, na kila mara ukifuata njia yake unafika ku Katanga yetu, tena unafika ku mine. Sisemi tarehe iko na dawa. Mwaka ni siku 365 na vita ya dunia ni mingi, lazima zigongane. Lakini ukiziweka pembeni-pembeni unaona kitu.

Ya kwanza iko mbali sana. Tarehe 24 Novemba 1944, ndege 111 za Amerika za aina ya B-29 ziliruka kutoka kisiwa cha Saipan kwenda kupiga Tokyo, mji mkubwa wa Japani. Ilikuwa mara ya kwanza B-29 zinapiga Tokyo. Walitafuta kiwanda cha Nakajima, chenye kutengeneza mashini ya ndege, lakini mawingu na upepo viliwasumbua, ni ndege chache tu zilifika juu ya kile kiwanda. Utasema: hiyo inatuhusu nini sisi wa Tshangalele? Ngoja. Miezi minane na zaidi kisha, tarehe 6 Agosti 1945, ndege ya aina ile ile ilitoka ku Tinian, kisiwa jirani ya Saipan, ikaenda kuangusha bombe ya atomu juu ya Hiroshima. Na sehemu kubwa ya uranium ya ile bombe ilitoka Shinkolobwe. Shinkolobwe ni hapa tu, upande wa magaribi wa Likasi, mtu anaenda na kinga anarudi siku ile ile.

Ile mine ilikuwa imefungwa mu 1937 na maji ikaingia ndani. Lakini Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, mu 1940 alipeleka karibu toni 1,200 za mawe ya Shinkolobwe ku New York, na mu 1942 Waamerika wakanunua. Kisha wakatuma mainjinia wa jeshi lao kusaidia kufungua mine upya. Wazee wetu waliyachimba yale mawe na kuyabeba, na hakuna mtu aliyewaambia ni ya kazi gani. Mu ile miaka ya vita waliombwa kutoa shaba mingi zaidi na zaidi, na bei mu magazini ilikuwa inapanda. Mu Desemba 1941 walipofanya grève kuomba mshahara, tarehe 9 askari waliwapiga risasi pale Élisabethville. Kwa hiyo vita ya Tokyo na Hiroshima na vita ya mshahara wa Katanga, kwangu mimi, ziko mu kitabu kimoja.

Sasa tuje karibu. 24 Novemba 1961.

Hapa watu wa Likasi wasikilize muzuri, juu ni mambo ya mji wetu. Wakati ule mji unaitwa Jadotville. Katanga ilikuwa imejitenga tangu 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na pesa ya ile Katanga ilitoka zaidi ku kodi ya Union Minière. Mu Septemba 1961, askari wa ONU walianza operesheni Élisabethville ili kuwakamata bazungu wa kukodiwa, wale watu waliita les Affreux. Tarehe ile ile 13 Septemba, kompanyi moja ya Waayalandi wa ONU, watu wapatao 155 chini ya komanda Pat Quinlan, ilizungukwa hapa Jadotville na jandarmeri ya Katanga pamoja na wale bazungu. Walipigana mpaka tarehe 17. Ndege moja ya Fouga ilikuwa inawapiga kutoka juu. Wenzao walitoka Élisabethville kuja kuwasaidia, wakasimamishwa ku daraja ya Lufira. Maji ikaisha, risasi ikaisha, wakajitoa mikononi. Hata mumoja wao hakufa, lakini upande wa jandarmeri wengi walikufa, na majina yao huku kwetu hayakuandikwa ku ukuta wowote. Usiku wa 17 kuamkia 18, ndege ya Dag Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, ikaanguka karibu na Ndola, akafa.

ONU ilikuwa imepata haya mbele ya dunia. Njo tarehe 24 Novemba 1961, Baraza la Usalama kule New York likapiga kura juu ya azimio namba 169. Nchi tisa zilisema ndiyo, hakuna iliyokataa, Ufaransa na Uingereza zikakaa kimya. Lile azimio lilimpa mukubwa mupya wa ONU, U Thant, ruhusa ya kutumia nguvu kuwakamata na kuwafukuza wanajeshi wa kigeni na mamluki wa Katanga. Karatasi tu, utasema. Lakini mu siku kumi na moja, tarehe 5 Desemba, risasi zilirudi mu Élisabethville. Tarehe 21 Desemba Tshombe akatia saini ku Kitona, kisha akaanza kuzungusha maneno mwaka muzima. Mwisho wake ulikuja na operesheni Grandslam: ilianza 28 Desemba 1962, askari Wahindi wa ONU wakavuka Lufira, na tarehe 3 Januari 1963 wakaingia Jadotville. Kolwezi walifika tarehe 21.

Lufira ninayosema ni mto ule ule wenye kujaza ziwa letu. Ziwa la Tshangalele halikuumbwa na Mungu, lilitengenezwa na Union Minière kwa kuziba mto pale Mwadingusha, na kuanzia 1930 umeme wake ulienda kuyeyusha shaba ya Likasi. Kila jeshi lenye kutaka Katanga linatafuta vitu vitatu: barabara, umeme na lizini. Sisi tunakaa katikati ya vyote vitatu. Njo maana ninapenda watoto wajue azimio 169, hata kama ku masomo hawalifundishi.

Miaka mitatu kamili inapita. Tarehe 24 Novemba 1964, ni asubuhi, saa kumi na mbili, mu Stanleyville, mji wenye leo tunaita Kisangani. Ndege tano za C-130 za jeshi la Amerika zinaangusha makomando wa Ubelgiji karibu 320 juu ya uwanja wa Simi-Simi. Zilikuwa zimetoka wapi usiku? Ku Kamina. Tena Katanga. Waasi wa Simba walikuwa wameshika ule mji tangu Agosti, na walikuwa wamefunga bazungu wengi kama rehani, wengi wao ku hoteli Victoria. Waliposikia ndege, waliwatoa mu barabara, wakawapiga risasi. Kati ya waliokufa alikuwa daktari mumoja wa misioni, Mwamerika Paul Carlson. Makomando walifika wakiwa wamechelewa dakika chache, lakini waliokoa wengi: mu siku zile chache, pamoja na Paulis, wageni karibu 2,000 walitolewa.

Na Wakongomani? Hapo njo ninasirika. Vitabu vya bazungu vinakupa hesabu ya mateka mumoja-mumoja, na wenye nchi, wale Simba waliua na wale wanajeshi na mamluki waliua walipoingia, wanaandikwa tu "maelfu". Siwatetei Simba, waliua makarani na walimu kwa kosa la kuvaa shati safi. Ninasema tu hesabu ilifanywa upande mumoja.

Kuna jambo lingine la kuchekesha, kama mtu anaweza kuchekea vita. Waziri wa kwanza wa Léopoldville ile siku alikuwa nani? Tshombe yule yule, mwenye ONU ilipigana naye ju ya azimio 169. Alikuwa ameita jandarme wake wa zamani warudi kutoka Angola, na wao walikuwa mu kolone ya Kolonel Vandewalle yenye kuingia Stanleyville siku ile ile, pamoja na mamluki wa Mike Hoare. Mu 1961 walikuwa waasi, mu 1964 ni jeshi la serikali. Mu 1966 na 1967 wakaasi tena kule Kisangani, wengine wakakimbilia Angola, na wenye kumbukumbu ya Kolwezi 1978 wanajua walirudi namna gani. Familia mingi za hapa ziko na mujomba au nkambo mu ile hadithi, na hawapendi kuisema mbele ya wageni.

Mwaka muzima tena. 24 Novemba 1965. Kasavubu na Tshombe walikuwa wamegombana. Tshombe alifukuzwa Oktoba, Kasavubu akamweka Évariste Kimba, mutoto wa Katanga, bunge likamkataa, Kasavubu akamtaja mara ya pili. Nchi imesimama. Usiku wa 24 kuamkia 25, wakubwa wa jeshi walikutana Léopoldville, wakampa Mobutu madaraka. Risasi haikulia. Wakubwa wale walikuwa wametoka mu vita ya mashariki na jina kubwa, hakuna mwanasiasa aliyekuwa na nguvu ya kuwazuia. Mobutu alisema miaka mitano. Alikaa 32. Kimba mwenyewe alinyongwa tarehe 2 Juni 1966 mbele ya watu, yeye na wenzake watatu.

Hiyo njo siku tulikuwa tunafanyia defile.

Nitakuwa mwenye haki: tarehe 1 Januari 1967 Union Minière iligeuka kuwa mali ya serikali, Gécomin, yenye baadaye ikaitwa Gécamines. Wazee wengi walilia kwa furaha, na posho, hospitali na masomo vilibaki miaka mingi. Lakini mwaka ule ule, sindika tatu zenye zilikuwepo zikaunganishwa kwa nguvu kuwa moja tu, UNTC. Ikawa mukono wa chama. Makato yanatoka ku mshahara, delege anaimba sifa za Guide, grève inakuwa kosa. Wafanyakazi wa 1941 walipigwa risasi kwa kusema. Wa 1967 walinyang'anywa kinywa chenyewe, na hakuna picha ya ile siku. Tulingoja mpaka 1990 ili sindika zingine ziruhusiwe, na wakati ule Gécamines ilikuwa imekwisha kukamuliwa kama mbuzi wa mutu maskini.

Mu 2003 watu 10,655 wa Gécamines walipewa pesa kidogo ili waondoke, wakaita ile mambo "départs volontaires". Wengine wao wako hapa ku Tshangalele, wanavua samaki, wanalima mahindi pembeni ya maji. Ukikaa nao, watakuambia makosa ni ya benki ya dunia, ao ya wakubwa wa juzi. Ninawaambia warudi nyuma zaidi, mpaka usiku mumoja wa 1965 wakati jeshi lilikamata nchi na kukuta mufuko umejaa shaba.

Na askari hawajatoka ku mlango wa mine. Mu Juni 2019 jeshi lilitumwa kuondoa creuseurs mu konsesyo ya Tenke-Fungurume. Kuna watu wanasema ni lazima, juu ya usalama na juu ya mali ya kampuni. Kuna wenye wanasema creuseur ni mutoto wa mine pia, hana pa kwenda. Mu mikutano yetu tunabishana, na tutaendelea kubishana. Ninachoomba ni kwamba mu lile bishano mtu asiseme ni jambo jipya.

Kwa hiyo, bamama na bapapa, kama ku nyumba mko na livret ya kazi ya miaka ya 1960, kadi ya sindika ya kabla ya 1967, picha ya nkambo mu mavazi ya jandarmeri, musitupe. Mvua ya novemba inaharibu karatasi haraka. Ziwekeni mu plastiki, andikeni jina na mwaka nyuma, na mutoto mwenye anasoma asome kwa sauti wazee wakiwa bado wako kusahihisha.