Maumivu Hayana Mizani

Swali ni lilelile, na wanaouliza ni watu wazima waliosoma: hakuna kipimo cha kuonyesha kama mtoto huyu mwenye selimundu anaumia kweli au anadeka tu? Hakuna, na si kwa sababu ya umaskini wa maabara zetu. Sokoni Tandale, muuza mchele na mteja wake wanatazama mshale uleule wa mizani. Kilo haina mwenyewe. Maumivu yana mwenyewe. Chembe za damu zilizopinda kama mundu utaziona kwa darubini, lakini utaziona hata siku mtoto anacheza mpira. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel alitoa mfano wa popo: ujue yote kuhusu mwangwi unaomwongoza gizani, bado hujajua kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe. Picha ya ubongo nayo ni hivyohivyo. Inaonyesha damu inakokwenda, haionyeshi kuuma.

Kinachochosha zaidi ni ule mtego unaosifiwa mitaani: apigwe sindano ya maji, akitulia basi alikuwa anaigiza. Huu ni upuuzi, tena wa kikatili. Mwaka 1978, huko San Francisco, Levine, Gordon na Fields waliwachunguza watu waliong'olewa magego ya mwisho, wenye vidonda visivyobishaniwa. Wapo waliopata nafuu kwa dawa bandia, isiyo na kitulizo ndani yake. Walipopewa naloksoni, inayozuia kazi ya morfini, maumivu yakapanda. Yaani ubongo wenyewe ulikuwa umetoa kitulizo chake. Aliyetulia kwa maji alikuwa anaumia, na nafuu yake ni ya kweli pia. Mtasema, basi waongo watatumia mwanya huo. Wapo, lakini sindano ya maji haiwabagui: mkweli anaweza kutulia, na mwongo anaweza kujifanya bado anaumia. Wala kuchezea simu si ushahidi kwamba mtoto haumii. Aliyeumia tangu utotoni amejifunza kujisahaulisha.

Basi mwulizeni mtoto maumivu yake ni namba ngapi kati ya 0 na 10, mdogo aonyeshwe picha za nyuso. Andikeni jibu na saa. Maji ya kutosha, dawa mliyoandikiwa kwa wakati wake, si mpaka alie. Kliniki ulizeni kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu. Ikishindikana nyumbani, hospitali. Morfini ni dawa halali, na ya kunywa hutayarishwa hapahapa Dar, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Homa, kifua kuuma, kupumua kwa shida au mwili kulegea upande mmoja: msingoje kupambazuke.