Mkato, Nukta na Amri Moja kwa Magunia Yote (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza namna lugha ya kompyuta iitwayo R, iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, inavyopanga tarakimu katika vekta, isiyokubali ila vitu vya jinsi moja. Leo tunaingia katika orodha, iliyo mfano wa ghala, ambamo gunia la sampuli tano hukaa kando ya gunia la sampuli mbili wala hayagombani.

Hapa kwetu Likasi, mji wa shaba tangu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, mtu aandikapo kiasi cha shaba katika jiwe huandika 2,4 na 3,0 kwa mkato, kama tulivyofundishwa kwa Kifaransa, ilhali R, ndani ya amri zake, haitambui ila nukta. Basi mwenye mazoea ya daftari akiandika c(2,4, 3,0) hupata namba nne, si mbili, na akitafuta wastani huletewa 2.25 mahali pa 2.7, pasipo mashine kunung'unika hata neno moja. Mimi nililala na kosa hilo siku mbili, nikimshuku aliyepima mawe, maskini, ambaye hakuwa na hatia.

Tarakimu za namna hiyo zikiwa maandishi, kila moja katika alama zake za kunukuu, dawa yake ni kutunga amri:

nyoosha <- function(x) as.numeric(sub(",", ".", x, fixed = TRUE))

kisha kuipeleka kwa magunia yote, yaliyo katika orodha tuliyoiita magunia:

safi <- lapply(magunia, nyoosha)

Msomaji atazame kwamba jina nyoosha halikufuatwa na mabano, maana hatuiagizi ifanye kazi sasa, bali tunamkabidhi lapply chombo chenyewe, naye hukipitisha gunia baada ya gunia na kurudisha orodha yenye idadi ileile.

Wengi hupenda sapply, ambayo hujitahidi kukunja majibu yawe vekta. Lakini majibu yakitofautiana urefu hurudisha orodha kimyakimya, tabia nisiyoiafiki. Tukitafuta wastani (mean) wa kila gunia, aula zaidi ni vapply(safi, mean, numeric(1)), iliyokwisha kushurutishwa kwamba kila gunia litoe namba moja tu, na amri ikileta mbili hugoma papo hapo.

Limebaki gunia ambalo mpimaji, kwa kukosa kipimo, alitia kistari: nyoosha hukigeuza kuwa NA, yaani thamani iliyokosekana, kwa onyo, na wastani wa gunia zima huwa NA, mpaka tuongeze na.rm = TRUE, yaani ondoa NA, baada ya numeric(1), na vapply huifikisha kwa mean bila kuuliza.