Bomba la kupumulia si ruhusa ya kuingia mto wowote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nieleze jambo linalotuhusu sana sisi tunaoishi ng'ambo ya mto Kilombero, upande wa Malinyi. Wasomaji wa mjini watanisamehe nikizungumza habari za mabomba na matope. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si fundi wa magari. Lakini kijiji chetu kina pikapu moja tu ya kutegemewa, na gari likiwa moja, kila mtu hulazimika kujua habari zake.

Tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilipofunguliwa pale Ifakara mwaka 2018, watu wengi hudhani kwamba taabu ya kuvuka maji huku kwetu imekwisha. Kwa kweli tunashukuru, maana tulihangaika mno na kivuko. Hata hivyo daraja lile ni la mto mkubwa. Vijito vinavyoteremka milimani kuuingia mto huo bado tunavivuka kwa magurudumu, na vingine kwa miguu. Jambo la hatari ni kwamba mvua hunyesha huko juu, sisi bondeni tukiwa tunaanika mpunga juani, kisha maji hutufikia kwa ghafla.

Mwezi wa Aprili 2024, masika ile ile iliyoleta mafuriko makubwa Rufiji, pikapu yetu ilizama. Ni Hilux ya zamani ya dizeli, injini ya lita 2.8, ya wakati ambapo magari hayakuwa na kompyuta. Siku hiyo ilimbeba mama mjamzito aliyepewa rufaa na zahanati. Dereva aliona maji yamepita bampa kidogo, akaamua kuingia kwa kasi ili amalize haraka. Wimbi lilipanda juu ya boneti na injini ikazimika katikati ya mto. Kwa hofu akapiga stata mara tatu. Mara ya tatu tulisikia mlio kama wa nyundo ndani ya pipa. Vijana walimbeba yule mama kwa kitanda cha kamba mpaka ng'ambo, ikapatikana bajaji, na tunamshukuru Mungu alijifungua salama. Gari lilivutwa jioni kwa trekta.

Fundi alipofungua injini alikuta konrodi mbili zimepinda. Wazee waliuliza inawezekanaje maji, kitu laini, yapinde chuma. Nilijaribu kuwaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Injini ya dizeli huvuta hewa na kuibana ndani ya silinda zaidi ya mara 20 mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikipanda ikakuta maji, lazima kimoja kishindwe, na kinachoshindwa ni konrodi. Huenda injini iliumia palepale ilipozimika, lakini zile stata tatu hazikuisaidia hata kidogo. Gari likizimika majini, livutwe kwanza likiwa limezimwa. Kisha fundi afungue nozeli, injini izungushwe kwa mkono maji yaruke nje, na oili imwagwe yote kabla ya kufikiria ufunguo.

Mwenye gari alitaka kuliuza kama chuma chakavu. Wanakijiji tulichanga mpunga, kila kaya kwa uwezo wake, kwa sharti moja kwamba gari likipona lifungwe bomba la kupumulia, lile linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Wazo lenyewe ni la zamani. Wanamaji wa Uholanzi ndio waliofunga bomba la namna hiyo kwenye nyambizi zao kabla ya Vita Kuu ya Pili, ili injini za dizeli zipate hewa chombo kikiwa chini ya maji, na Wajerumani wakalichukua baada ya kuiteka nchi hiyo mwaka 1940.

Basi akaletwa kijana mmoja kutoka mjini, akatoboa madigadi, akafunga bomba la plastiki la maji, akalipaka rangi nyeusi. Lilipendeza. Akapokea fedha zake akaondoka. Kwa bahati nilikuwa nimesoma kwamba bomba hupimwa hivi: injini ikiwa inaunguruma taratibu, unaziba mdomo wa juu kwa kipande cha ubao. Kama kila kiungo kimeziba, injini hukosa pumzi ikazimika. Niliziba mbele ya darasa la sita zima. Injini iliendelea kuunguruma kama vile hakuna kitu, na watoto wakacheka sana. Tulipofungua tukakuta bomba limeishia ndani ya madigadi tu, halikuunganishwa na mahali popote! Ilikuwa pua ya sanamu.

Kazi ilirudiwa na fundi wetu wa trekta, mzee asiye na haraka. Aliunganisha bomba na nyumba ya chujio la hewa kwa mpira mnene wenye klipu za chuma pande zote mbili, akapaka silikoni kila kiungo. Tulipoziba ubao, injini bado ilikataa kuzimika. Ikatuchukua nusu siku kugundua kwamba chini ya nyumba ya chujio mna kitundu kidogo cha kutolea maji ya mvua. Gari likizama, kitundu hicho hicho huingiza maji ya mto. Kilipozibwa, injini ikazimika mara moja tulipoweka ubao, na watu wakapiga makofi. Kingo za tundu la madigadi nazo zilipakwa rangi zisije zikala kutu. Tena kuna faida ambayo hatukuitazamia. Wakati wa kiangazi chujio halijai vumbi upesi kama zamani, kwa kuwa hewa inavutwa juu, mbali na magurudumu.

Mzee huyo alitufundisha pia kwamba pua ya injini si pua peke yake ya gari. Difu na giaboksi navyo hupumua. Vikiwa vimepata moto wa safari kisha vikatumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili, na oili hugeuka rangi ya maziwa. Kwa hiyo alifunga mipira myembamba kwenye vipumulio hivyo na kuipandisha juu mpaka ndani ya boneti. Kabla ya kuvuka maji mengi dereva hulegeza mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye injini wala isijipinde ikatoboa rejeta, kisha hufunga turubai mbele ya gari. Hutumia gia nzito na kwenda polepole bila kukanyaga klachi mpaka atoke.

Sasa nafikia jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa Mei 2025 nilikuwa na wanafunzi 14 nyuma ya pikapu hiyo, tukienda kwenye michezo. Tulikuta kijito kimejaa, rangi ya chai ya maziwa, kikipeleka magogo. Nikamwomba dereva asimame. Akanijibu, "Mwalimu, gari lina pua juu siku hizi. Unaogopa nini?" Nilimjibu kwamba pua ni ya injini, watoto wangu hawana bomba. Nikawashusha wote. Alikasirika, na baadhi ya abiria waliniambia kwamba nawacheleweshea safari.

Ndugu Mhariri, hapa ndipo madereva wetu wanapopotea. Bomba halipunguzi nguvu ya maji. Maji ya ujazo wa mita moja kila upande yana uzito wa kilo 1,000, na gari linapoingia majini husukumwa juu kwa uzito wa maji yale linayoyasukuma pembeni. Pikapu tupu ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Kwa hiyo kadiri linavyozama ndivyo magurudumu yanavyopoteza mshiko, na maji yanayokimbia hulichukua kama boga. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani huonya kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu huweza kuyachukua magari mengi, pamoja na pikapu. Sentimita 60 ni mapaja ya mtu mzima. Mdomo wa bomba letu uko juu zaidi ya mara mbili ya hapo.

Dereva aliingia peke yake. Katikati ya kijito mkia wa gari uliinuka, likasogea kando hatua tatu au nne, kisha kwa bahati gurudumu likashika jiwe. Alitoka ng'ambo injini ikiunguruma vizuri kabisa, lakini yeye hakusema neno. Sisi tulikaa chini ya mwembe mpaka saa kumi, maji yakashuka magotini, utingo akatangulia na fimbo akipima, watoto wakavuka wameshikana mikono. Mchezo wa kwanza tuliukosa.

Ombi langu kwa wahusika wa barabara za vijijini ni dogo. Hatujadai daraja kila kijito, maana tunajua gharama. Tunaomba nguzo mbili za zege katika kila kivuko, moja kila upande, zilizopakwa mistari ya kina cha maji, na mstari mwekundu usawa wa goti. Kijiji chetu kiko tayari kutoa mchanga, kokoto na nguvu kazi. Tunachohitaji ni saruji na mtaalamu wa kutuonyesha mahali pa kuzisimika kabla masika haijaanza.

Mwalimu wa Kijijini,
Malinyi, Morogoro.