Baiskeli ya umeme Amsterdam: Mweleze mwongozaji dawa unazotumia kabla hujapanda

Mwanao anaishi Uholanzi. Amekutumia tiketi, na miongoni mwa mambo aliyokupangia ni kuzunguka jiji la Amsterdam kwa baiskeli ya umeme pamoja na mwongozaji. Una miaka 58, unameza dawa za presha kila asubuhi, sukari nayo imepanda kidogo, na goti la kulia linakusumbua kila unapopanda ngazi. Jirani mmoja anakwambia, "Ile ni kama bodaboda tu, unakaa inakupeleka." Mwingine anakutisha, "Kwa presha hiyo? Utarudishwa ndani ya sanduku." Wote wawili hawaijui baiskeli hiyo.

Baiskeli ya umeme ya kawaida barani Ulaya ina mota ndogo ya wati 250, na inasaidia pale tu unapokanyaga pedeli. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Ukifika mwendo wa kilomita 25 kwa saa inakata msaada, na kuanzia hapo unatumia misuli yako mwenyewe. Ipo aina nyingine inayofika kilomita 45 kwa saa. Hiyo, kwa sheria za Uholanzi, inahesabiwa kama pikipiki ndogo: ina namba ya usajili, inataka leseni na kofia ngumu. Ukiletewa hiyo, ikatae.

Kwa hiyo mwili bado unafanya kazi. Watu waliopimwa pumzi na mapigo ya moyo wakiwa juu ya baiskeli hizi wameonekana kufanya mazoezi ya kiwango cha kati, kama mtu anayetembea haraka haraka. Ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linamshauri mtu mzima akifikie kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Tena uzito wako unabebwa na siti, hivyo magoti na nyonga hupata nafuu. Kwa mtu mnene au mwenye maumivu ya maungio, ningemchagulia baiskeli hii kuliko matembezi ya saa tatu juu ya mawe ya mitaa ya zamani.

Amsterdam haina milima. Kinachochosha pale ni upepo. Unaweza kwenda kama umebebwa, ukakata kona, ghafla ukajiona kama unasukuma mkokoteni wa maji. Hapo ndipo kitufe cha msaada kinapogeuka kuwa kifaa cha afya. Baiskeli nyingi zina ngazi tatu hadi tano za msaada, na namna rahisi ya kuchagua ni kusikiliza pumzi yako. Ukiweza kuimba bila kukatika, punguza ngazi moja. Ukishindwa kumaliza sentensi, ongeza. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba kukakushinda, umefika panapotakiwa. Saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo isikudanganye kama unatumia atenolol, bisoprolol, propranolol au dawa nyingine ya kundi hilo. Dawa hizo huzuia mapigo kupanda, kwa hiyo namba itaonekana ndogo hata kama mwili umeshaelemewa.

Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani

Ziara nzuri huanza na mafunzo mafupi mahali patulivu kabla ya kuingia barabarani. Watalii wengi huona hapo wanapotezewa muda, wanataka kwenda kupiga picha. Mimi naona ndiyo sehemu ya kulipia. Kwa mtu wa umri wako aliye na presha iliyodhibitiwa, hatari kubwa ya baiskeli hii ni kuanguka, kuliko moyo. Mwaka 2022 waendesha baiskeli 291 walikufa kwa ajali Uholanzi, wengi wao wakiwa watu wazima wa zaidi ya miaka 60. Na hao ni watu waliokua juu ya baiskeli.

Baiskeli ya umeme ina uzito wa kilo 20 na zaidi, kwa sababu ya betri na mota. Ikianza kulala upande huwezi kuizuia kwa mguu mmoja kama ile ya kijijini. Watu wazima huanguka sana wanapopanda, wanaposhuka, na wanapokwenda polepole mno. Kosa la siku ya kwanza ni hili: umesimama kwenye taa, mguu mmoja umeupumzisha juu ya pedeli bila kushika breki. Pedeli inabonyea kidogo, mota inadhani unataka kuondoka, na baiskeli inaruka mbele.

Kwa hiyo usiondoke kwenye mafunzo hadi uwe umefanya mambo haya mara kadhaa: kuanza ukiwa kwenye msaada wa chini kabisa, kusimama kwa breki zote mbili bila kuyumba, kugeuza shingo kutazama nyuma huku ukienda mbele, na kunyoosha mkono kuonyesha unakokata. Uliza breki ya nyuma iko wapi, maana baiskeli nyingi za Uholanzi hufunga breki kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Omba yenye fremu ya chini unayopanda bila kurusha mguu. Siti ishushwe mpaka miguu yote miwili iguse chini. Siti ya chini si rafiki wa goti kwa safari ndefu, lakini siku ya kwanza ni bora goti lichoke kuliko nyonga ivunjike. Ukishazoea, ipandishwe kidogo.

Kama umevaa dera, baibui au kanzu, taja mapema. Baiskeli nyingi za mjini huko hufunikwa cheni na gurudumu la nyuma kuzuia nguo isinaswe. Si zote, hivyo chagua. Ncha za mtandio zifungwe ndani.

Kuna jambo ambalo mwongozaji wa Kizungu anaweza asilifikirie. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunakwenda upande wa kushoto wa barabara, na tangu darasa la kwanza tumefundishwa kutazama kulia kwanza. Uholanzi wanakwenda upande wa kulia. Gari la kwanza kukufikia litatoka kushoto, wakati kichwa chako kimegeukia kulia chenyewe bila wewe kutaka. Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Bukavu hana shida hiyo. Wewe mwambie mwongozaji: "Kwetu tunaendesha kushoto, nikae nyuma yako kwa nusu saa ya kwanza." Mwombe pia akuonyeshe pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani: zikikuelekezea ncha, wewe ndiye unayesubiri.

Halafu kuna reli za tramu. Tairi la baiskeli linaingia vizuri kabisa kwenye mfereji wa reli, na likiingia unaruka juu ya usukani. Reli huvukwa kwa kuikata msalaba, kamwe si kwa kuifuata sambamba, na ikinyesha mvua shuka utembee. Kwa mgeni anayeanza, nisingekubali kuzungushwa katikati ya jiji. Nyuma ya kituo kikuu cha treni kuna vivuko, kama vya Kigamboni ila nauli hakuna, vinavyobeba waenda kwa miguu na baiskeli hadi upande wa kaskazini. Huko njia hupita juu ya tuta kandokando ya maji hadi vijiji vya Durgerdam na Ransdorp: nyumba za mbao, kondoo, na hakuna tramu. Upepo utaupata wa kutosha, na kitufe cha msaada unacho.

Ukimaliza mafunzo bado unayumba, sema. Umri hupunguza uwezo wa kujisawazisha hata kwa mtu aliyekuwa bingwa wa baiskeli ujanani. Unaweza kukaa kwenye baiskeli yenye sanduku la mbele ukaendeshwa, au ukapanda boti ya mifereji, na jiji ukaliona vilevile.

Usifiche maradhi mbele ya mwanao

Wazazi wetu wengi huficha. Mama anashika usukani huku mkoba wa dawa ameuacha nyumbani, kwa sababu hataki mkwe wake ajue kuwa anatumia insulini. Mwongozaji si muuguzi, lakini anahitaji kujua mambo matatu: una nini, ukizidiwa utaonekanaje, na dawa iko mfuko gani. Kama lugha inakupiga chenga, mwanao amweleze: "Mama ana kisukari. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka au anaongea ovyo, msimamishe, umpe soda iliyo kwenye mfuko wa mbele."

Kwenye kisukari, hatari ya siku hiyo ni sukari kushuka, na inawahusu zaidi wanaotumia insulini au vidonge kama glibenclamide na gliclazide. Anayetumia metformin peke yake ana hatari ndogo. Pima kabla ya kupanda. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula kitu chenye wanga kwanza. Pima tena mnapopumzika. Insulini ya asubuhi hiyo usichome pajani, kwa kuwa mguu unaofanya kazi huivuta dawa haraka kuliko kawaida, choma tumboni. Ukihisi dalili, simama kabisa, kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Angalia kopo: soda nyingi huko ni zile zisizo na sukari, hazitakusaidia. Na tafadhali usikimbilie keki kwenye duka lililoandikwa "coffeeshop". Amsterdam, hayo ni maduka ya bangi, na keki zake nazo zinaweza kuwa na bangi. Usiku wa siku hiyo sukari inaweza kushuka tena, hivyo pima kabla ya kulala. Vaa viatu vya kufunika, na jioni kagua nyayo.

Anayetumia dawa za presha zinazokojoza, kama hydrochlorothiazide au furosemide, huwa anaogopa kunywa maji njiani. Vyoo vya umma Amsterdam ni vichache, hasa kwa wanawake. Usiruke kidonge kwa siri. Muulize mwongozaji mtasimama wapi penye choo, na kabla ya safari muulize daktari wako kama siku hiyo unaweza kuchelewesha dozi mpaka mrudi.

Watoto

Njia za baiskeli mnazoziona Uholanzi hazikuwapo tangu zamani. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini humo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani chini ya kaulimbiu iliyodai mauaji ya watoto yakome, na njia salama zikafuata. Hata hivyo njia hizo ni za wenyeji wenye haraka, na mtoto aliyezoea kuendesha uwanjani pale nyumbani si mwenzao. Mpe baiskeli ya kawaida isiyo ya umeme, au akae kwenye sanduku la mbele. Aliye chini ya miaka 8 sheria inataka abebwe kwenye kiti chenye kushikilia mgongo, mikono na miguu. Kofia ngumu si lazima kisheria kwa baiskeli ya kawaida, na utawaona Waholanzi vichwa wazi. Usiwaige. Omba kofia, yako na ya mtoto.

Wewe unayekanyaga unatoka jasho. Mtoto aliyekaa anapigwa na upepo na kupoa. Kwa mwenye pumu, hewa baridi inaweza kubana kifua, hivyo pampu yake ya bluu iwe mfukoni mwako, si hotelini. Kwa mwenye selimundu baridi, kiu na uchovu vyote huweza kuamsha maumivu: glavu, sweta mbili, maji kila nusu saa, na mapumziko kabla hajaomba. Kijana mwenye selimundu anayeendesha mwenyewe anaweza kunufaika na mota, kwa kuwa inamzuia asijikamue dhidi ya upepo, ila daktari wake akubali kwanza.

Wapo wasiopaswa kupanda kabisa: mwenye kifafa ambacho hakijatulia, mwenye presha ya 180/110 au zaidi, mwenye maumivu ya kifua, na aliyepata kiharusi, shambulio la moyo au upasuaji hivi karibuni bila ruhusa ya daktari. Siku ya kufika nayo si siku ya kuendesha. Umekesha ndani ya ndege kama saa nane, lala kwanza.

Soma bima ya safari uliyoikatia viza. Ile ya Schengen hutakiwa kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000, lakini angalia kama inakubali ajali ya baiskeli na maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kusafiri. Namba ya dharura ni 112.

Kama unatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ukianguka na kugonga kichwa nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakuna jeraha na unajisikia mzima, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole kwa saa nyingi. Jina la dawa na dozi viandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wa nguo uliyovaa, mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuvisoma.