Mabomba ya Maji Yaliyochakaa Nyumbani

Huku kwetu Ikungi maji si kitu cha kupuuzwa. Msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, na katika miezi mirefu ya kiangazi wengi hutegemea visima virefu. Basi nyumba iliyokwisha kuletewa bomba imepata neema. Lakini mabomba nayo huzeeka, nasi twaona wengi hawayaangalii mpaka yapasuke.

Bomba la chuma lililopakwa zinki huoza kwa ndani. Zinki ni ngozi nyembamba tu, na fundi akatapo meno ya kuungia huiondoa. Ndiyo sababu kutu hupenda kuanza penye maungio. Maji yenye chumvi, kama ya baadhi ya visima vya Singida, huiharakisha kazi hiyo. Dalili zake ni maji mekundu asubuhi, na koki kutoa maji membamba kama uzi.

Wako wasemao, "Lavuja kidogo tu." Hayo hatuyakubali. Tundu litoalo maji huweza pia kuyaingiza. Maji yakikatika, bomba hufyonza tope la nje, pamoja na uchafu wa choo kama ki karibu. Na yarudipo, watoto huyanywa. Tena maji yavujayo baada ya mita hulipwa na mwenye nyumba. Kulijua tundu si kazi: fungeni koki zote usiku, mwitazame mita; ikizidi kuzunguka, maji yanapotea.

Basi tununue bomba gani? Kwa njia ya chini ya ardhi twashauri lile jeusi la polithini, liuzwalo kwa roli. Halishiki kutu, hupindika pasipo kuvunjika, na kwa urefu wake maungio ni machache. Weusi wake ni masizi yaliyotiwa kiwandani ili jua lisiliharibu. Bomba gumu la gundi, yaani PVC, lafaa pia, ila jua hulifanya livunjike kama kigae, lizikwe. Ndani ya nyumba, hasa penye maji ya moto, twapendelea PPR, ambalo fundi huliunga kwa kuliyeyusha. Shaba ni nzuri, lakini bei yake! Wala isiungwe moja kwa moja na chuma cha zamani, maana chuma kitaliwa upesi.

Someni maandishi yaliyo juu ya bomba. PN 10 maana yake laweza kuhimili kani ya maji ya kimo cha meta 100. Tangi lililoinuliwa meta 6 halihitaji nguvu hiyo, bali njia itokayo bomba kuu huenda ikaihitaji. Na mtu asidhani kwamba bomba jipya huondoa floraidi au chumvi. Hayo ni mambo ya kisima.

Viraka hatuvipendi. Kipande kipya kikiwekwa kati ya vilivyooza, maji hutokea jirani yake mwezi ujao, na fundi hulipwa tena. Heri kungoja fedha ya alizeti, njia yote toka mita hata nyumbani ibadilishwe mara moja.

Mtaro uwe wa futi mbili, uondolewe mawe, wala usifukiwe siku hiyo. Bomba lijazwe maji, koki zifungwe, na asubuhi maungio yakaguliwe yakiwa wazi. Maji ya kwanza yamwagwe bustanini.