Hekalu Lisilo na Mawe

Likitajwa hekalu la kale juu ya kilima, fikra za wengi huenda Ugiriki, kwenye nguzo za marumaru za Parthenon mjini Athens, zilizojengwa baina ya mwaka 447 na 432 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Hekalu lile lilikuja kuwa kanisa, kisha msikiti, na mwaka 1687 likaripuliwa na baruti iliyohifadhiwa ndani yake. Hata hivyo lingali limesimama, kwani jiwe lina subira. Sisi wa Visiwani tunalijua hilo: msikiti wa Kizimkazi ungali na maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107.

Lakini je, hekalu lisilo na jiwe hata moja litashuhudiwa na nani? Hilo ndilo swali tulilorudi nalo kutoka Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Kyela ni bonde la mpunga na kakao, linalonyweshwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Tuliliacha ziwa nyuma yetu, tukapanda kuelekea nchi ya Selya, mahali palipo na Lubaga. Mgeni asiyeambiwa angeweza kupapita. Hapana ukuta, hapana nguzo; ni miti tu. Lakini kwa Wanyakyusa wa zamani msitu huu ulikuwa makao ya Lwembe, mtu aliyeaminiwa kwamba katika mwili wake mlikuwamo mvua, rutuba ya ardhi na uzazi wa watu na ng'ombe. Machifu walipeleka ng'ombe wa kafara Lubaga, na Wakinga, mafundi wa chuma wa Milima ya Livingstone, waliteremka na majembe.

Wala Lubaga haikuwa peke yake. Masimulizi yanasema Lwembe na Kyungu walikuwa wa asili moja, walioteremka kutoka Ukinga. Kyungu alivuka Songwe, akaweka makao yake juu ya kilima cha Mbande katika nchi ya Ngonde, iliyo Malawi hivi leo. Na kando ya ziwa, karibu na Ikombe kwa Wakisi, wafinyanzi mashuhuri wa vyungu, lipo pango la Kyala. Msitu, kilima na pango viliwaunganisha watu wa milimani na wa ziwani kabla mkoloni hajachora mpaka wake.

Hatusemi kwamba kila lililotendwa huko lilikuwa jema. Lwembe alipougua hakuachwa afe kifo chake. Makuhani walimnyonga, wakiogopa kwamba udhaifu wake ungeiangamiza nchi. Ndiyo maana aliyechaguliwa kuushika wadhifa huo aliukimbia badala ya kuushangilia. Historia ya kweli haifichi mambo kama haya. Hata marumaru ya Athens ilichongwa katika mji uliokuwa na watumwa.

Wako wanaosema kwamba haya ni ushirikina, na afadhali yasahauliwe. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya msahafu kabla ya kuingia skuli ya Serikali hatuioni hoja hiyo. Kuhifadhi si kuabudu. Wamisionari wa Kijerumani walioingia nchi hii mwaka 1891 waliipinga mizimu, lakini walipotafuta neno la kumwita Mungu katika Kinyakyusa walilichukua jina la Kyala, na hadi leo linatajwa makanisani. Jina limepata pa kukaa. Msitu je?

Mengi tunayoyajua juu ya Lubaga yaliandikwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Tunawashukuru. Lakini ni fedheha mjukuu kulazimika kufungua kitabu cha Kiingereza ili ajue babu yake alikuwa akiomba wapi.

Nchi yetu inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Halmashauri za vijiji nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kinachotakiwa ni viongozi wa wilaya kukaa na wazee, kuweka mipaka ya misitu hii kwa ridhaa yao, na kuyaandika maneno yao kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Maofisa wa Visiwani nao wajiulize kuhusu mapango na vichaka vya mizimu vya Unguja na Pemba, ambavyo hali yake ni hiyo hiyo.

Hekalu la mawe likibomoka, huacha magofu, na mtaalamu huja baada ya miaka elfu akayasoma. Hekalu la miti likikatwa, huacha shamba la mtu. Shoka halihitaji miaka elfu. Asubuhi moja yalitosha.